Irembo la Mwalimu Immakulata

Naanza kwa kukiri, maana hapa Kasulu ukinyamaza wenzako watakusemea: aliyebonyeza ni mimi. Mimi Mansuri, baba Zaitun, mwenye stesheneri ya karibu na stendi. Nilibonyeza "kubali" kwenye kompyuta nane ambazo hazikuwa zangu, Jumamosi moja baada ya swala ya adhuhuri, na kwa kidole hiki hiki nikakaribia kumfungia kazi mpangaji bora kuliko wote niliowahi kuwa nao.

Nia yangu ilikuwa njema. Kila asubuhi kompyuta zilikuwa zinaleta tangazo: mfumo huu umezeeka, karibuni utaachwa bila matunzo, hamieni mpya. Mimi ni mtu wa vipya. Kibao cha duka nimekibadilisha mara tatu na bado sijaridhika nacho. Kompyuta zangu mbili za kaunta nilikuwa nimeshazihamisha wiki iliyotangulia, na nilipendezwa nazo kweli kweli. Pembe za madirisha zimekuwa za mviringo, rangi zimetulia, kila kitu kimejipanga katikati chini kwa adabu. Nikasema, mbona Mwalimu, mpangaji wangu wa chumba cha nyuma, anateseka na lile kongwe? Fundi alikuwa ameniletea mfumo kwenye flashi kutoka Kigoma mjini. Ufunguo wa chumba cha nyuma ninao. Nikaingia, nikapita kompyuta moja baada ya nyingine, nikafunga mlango, nikaenda kunywa kahawa nikijiona mfadhili.

Sasa niwaeleze habari za Mwalimu mwenyewe, ndipo mtanielewa ukubwa wa kosa langu.

Immakulata ni mtu wa Busunzu, wilaya ya Kibondo. Ana miaka arobaini na saba, mrefu, mkavu wa mwili, na hacheki ovyo. Alimaliza darasa la saba, akalima maharage, kisha akapata kazi ya usafi katika ofisi ya shirika moja la wakimbizi pale Kibondo mjini. Alifagia, alichemsha chai, alifuta vumbi kwenye kibodi. Katibu muhtasi wa ofisi ile alikuwa mtu wa huruma. Saa ya chakula cha mchana alimwachia kiti, akamwonyesha mawili matatu. Tatizo lilikuwa moja tu, maneno yote kwenye kioo yalikuwa ya Kiingereza, na Immakulata Kiingereza hakukijua. Basi akajifunza kwa mahali. Kona ya chini kushoto, bonyeza. Hesabu tano kwenda juu, bonyeza. Ya pili kutoka kulia, bonyeza. Aliniambia mwenyewe siku moja, "Baba Zaitun, sikujua vinaitwaje. Nilijua vinakaa wapi."

Shirika lilipofunga ofisi, lilimgawia kompyuta mbili zilizotumika kama asante. Akazifunga kwenye khanga, akaja nazo Kasulu, akaenda chuo kimoja cha ufundi kuomba nafasi ya kusoma kozi ya kompyuta. Pale mapokezi walitazama cheti chake cha darasa la saba, wakakirudisha. Hawakumkaribisha hata kukaa kwenye benchi. Jambo hilo hakulisema kwa machozi, alilisema kwa kukunja uso, na mimi nawaambia uso wa Immakulata ukikunjwa hata deni la mtu mwingine unaweza kulilipa.

Akafungua darasa lake kwenye chumba changu cha nyuma. Huu ni mwaka wa sita. Kompyuta mbili zikawa nane. Na namna yake ya kufundisha sijaiona popote. Alichukua karatasi kubwa ya manila akachora mji wa Waha, ua kuuzunguka, nyumba, migomba, na lango moja la kuingilia, lile wenyewe wanaloita irembo. Akaibandika ukutani. Akawa anasema, "Kioo ni uwanja wa nyumbani. Ile kona ya chini kushoto ndiyo irembo. Huingii kwenye mji wa mtu kwa kuruka ua. Mafaili yako yako ghalani. Ile ndoo ya taka ni jalala nyuma ya migomba, ukitupa kitu kwa bahati mbaya nenda kakiokote kabla jalala halijachomwa moto."

Mama aliyetoka kupalilia Mabamba, ambaye hajawahi kushika kompyuta, alielewa kabla chai haijapoa. Wanafunzi wake wako Buhigwe kwenye ofisi za serikali, wako mahakamani, wako kwenye zahanati. Kitu kimoja tu aliwakataza. Kulikuwa na kisanduku kidogo cha kutafutia, unaandika jina la kitu nacho kinakuletea. Kwenye mchoro wake hakukiweka kabisa. "Hicho kinataka majina," alisema, "na majina ni ya Kiingereza. Tusiingie tusikokujua."

Mwaka huu mambo yalikuwa mazito kidogo. Kituo chake kilikuwa na usajili wa muda, na muda ulikuwa unaisha. Aliambiwa kwa barua kwamba wanafunzi wake kumi na mmoja watafanya mtihani wa vitendo pamoja na wa vituo vingine, kwenye chuo kile kile kilichomrudishia cheti. Angalau nusu wakifaulu, anapewa usajili wa kudumu. Wasipofaulu, kituo kinafungwa. Barua ile aliisoma mbele yangu mara mbili, akaikunja, akaitia kwenye Biblia. Mtihani ulibakiza wiki tatu.

Na katika wiki hizo tatu ndipo mimi nikaingia na flashi yangu.

Jumatatu saa mbili asubuhi nilikuwa kaunta nikisubiri kushukuriwa. Nilisikia kompyuta zikiwashwa, kisha sauti ya Mzee Melkiadi. Huyu alikuwa mwenyekiti wa kitongoji kwa miaka kumi na minane, amestaafu, anasoma kompyuta kwa sababu mkwewe alimwambia hawezi. Akapaza sauti kama yuko mkutanoni, "Yewe Mwalimu! Irembo limeibiwa!"

Nikakimbilia ndani. Kwenye kompyuta zote nane mikono ilikuwa imesukuma mausi kwenye kona ya chini kushoto, na kwenye kona ile hakukuwa na kitu cha maana. Wengine walikuwa wanabonyeza hewa. Msichana mmoja aliyezoea kuhesabu tano kwenda juu alikuwa amejikuta kwenye habari za hali ya hewa, na hatoki.

"Liko hapa katikati," alisema Kudra. Kudra ana miaka ishirini, mwepesi wa mikono na wa mdomo. "Mwalimu, hii kitu ni kali! Imetulia kinoma. Ile ya zamani ilikuwa ya kishamba bwana."

"Nani anaweka irembo katikati ya uwanja?" Melkiadi aliuliza kwa hasira. "Mtu anaingia kwenye mji kwa kuota kutoka chini, yeye uyoga?"

Wakaanza kubishana. Mwalimu aliutazama mchoro wake ukutani, akatazama kioo, akatazama mchoro tena. Kisha akanigeukia mimi.

"Baba Zaitun. Nani kakutuma?"

Nikaanza kueleza habari za pembe za mviringo.

"Nimekuuliza nani kakutuma."

Hakuna aliyenituma, na nilimwambia hivyo. Aliniangalia mpaka nikatamani aninase kibao yaishe. Nikamwahidi kwamba fundi atarudisha ule wa zamani siku hiyo hiyo. Nilishika simu mbele yake. Yeye akawa na akili kuliko mimi, akapiga simu kwanza chuoni kuuliza mtihani utafanyika kwenye mfumo gani. Wakamjibu kwamba chuo kimeshahamia mpya, kompyuta zote ishirini na nne. Akakata simu.

"Acha," akaniambia. "Kurudi hakupo."

Hapo sikujua kama nimemwangamiza au nimemuokoa, na sikuthubutu kuuliza.

Nje nako moto ulikuwa umewaka, maana kompyuta za kaunta yangu watu walikuwa nazo wiki nzima na kila mmoja ana lake. Karani wa mahakama alisema macho yake yamepumzika. Katibu wa parokia alisema kuprinti kumefichwa mahali ambapo mtu mwema hawezi kupafikiria. Mwalimu mmoja wa sekondari alisifu kasi, mwenzake akasema kasi gani, ya kupotea? Muuza bima alikubali kwamba ni mzuri, halafu akaomba nimfungulie kila kitu mwenyewe. Na jirani yangu Khatibu, mwenye stesheneri ya ng'ambo ya barabara, mtu ambaye tumeswali safu moja miaka kumi, alichukua kalamu ya wino mzito akaandika kwenye boksi na kulitundika mlangoni: HAPA TUNA ILE YA ZAMANI. Kufikia alasiri alikuwa na foleni. Nilikasirika sana. Niliandika la kwangu, HAPA TUNA MPYA, akaingia mtu mmoja tu, naye alikuwa anauliza choo.

Mwalimu alifanya alichokijua. Alinunua manila mpya akachora mji upya, irembo katikati chini, ghala limehamia huku, jalala limebaki pale pale juu kushoto. Wanafunzi wakaanza kukariri upya. Lakini mkono uliozoeshwa miezi sita hausikii maneno. Walikuwa wanajua kwa kichwa kwamba irembo liko katikati, na mkono unakwenda kushoto wenyewe. Halafu ukifungua kitu kimoja, vile vialama vidogo vya katikati vinasogea kupisha, na kile ulichohesabu cha tatu kinakuwa cha nne. Hata mchoro mpya ukawa mwongo. Mwisho wa wiki aliwapa jaribio. Kati ya kumi na mmoja walipita watatu, na wa kwanza alikuwa Kudra aliyejitembeza darasani kama mkaguzi. Mzee Melkiadi aliandika barua nzuri, kisha akaipoteza, akaitafuta robo saa. Akavaa kofia yake. "Mimi narudi kwenye mihogo yangu," alisema. "Muhogo nikiuacha leo, kesho naukuta pale pale." Akaondoka.

Mwalimu alibaki amekaa kwenye kiti cha Melkiadi. Nilimletea chai. Hakuinywa.

"Labda walikuwa na haki," alisema. "Wale wa mapokezi. Mimi sikusoma kompyuta, Baba Zaitun. Nilikariri sehemu. Wamehamisha sehemu, nimebaki mfagiaji."

Niliumia. Nasema wazi, niliumia, na nikajichukia mimi na flashi yangu.

Jumapili ile alikuwa aende Busunzu, shangazi yake Niyubahwe alikuwa anashukuru kwa nyumba mpya. Mimi nina pikapu ndogo ya kupelekea karatasi Kibondo, na kwa hatia niliyokuwa nayo ningempeleka hata Dodoma. Tukatoka baada ya misa yake. Barabara sasa ni ya lami, na ilipopita ilihamisha watu wengi. Nyumba zilizokuwa zimepigwa alama nyekundu ya X zimebomolewa, zimejengwa nyingine pembeni. Laptop yangu, nayo ya mfumo mpya, ilikuwa kwenye kiti katikati yetu. Njia nzima hakusema zaidi ya "punguza mwendo".

Tulifika, nikaegesha kando ya lami mbele ya nyumba moja ya bati jipya. Mwalimu alishuka na kapu lake la zawadi, akapanda kilima kwa njia ya miguu inayopita katikati ya migomba, nami nyuma yake napumua kwa shida. Alitembea bila kutazama, kama mtu anayekwenda alikozaliwa. Akafika juu, akakunja kushoto, akasimama. Pale palipokuwa na irembo palikuwa na tuta la maharage. Akageuka huku, akageuka kule. Nyumba hakuna, ua hakuna. Mwanamke mzima na kapu lake katikati ya shamba la mtu, amepotea kwao.

Basi akafanya kama wafanyavyo watu wa kule. Akaweka kapu chini, akaweka mikono mdomoni.

"Shangazi Niyubahweee!"

"Ego!" sauti ikajibu kutoka bondeni, nyuma yetu kabisa. "Ndi hano! Niko huku!"

Tukateremka. Bibi Niyubahwe alikuwa amesimama kwenye mlango wa ile nyumba ya bati jipya, na pikapu yangu iko hatua tano kutoka miguuni pake. Tulikuwa tumempita.

"Mlikuwa mnatafuta nini huko kwenye maharage yangu?" aliuliza.

"Nilikwenda kwenye irembo, shangazi," alisema Mwalimu, akainama kumsalimu kwa mikono miwili.

"Irembo lilichukuliwa na greda. Ulikuja kwangu au ulikuja kwa irembo?"

"Nilikuja kwako."

"Basi si ungeniita tangu mwanzo! Jina langu greda halijalihamisha."

Watu wakacheka. Mimi nikacheka. Mwalimu hakucheka. Alikula ugali wa muhogo na maharage akiangalia mbali, na nilidhani bado ana huzuni. Kabla hata maji ya kunawa hayajazunguka, akaniomba ufunguo wa gari. Akaja na laptop yangu, akaketi nayo mkekani katikati ya wageni, akaiwasha. Mausi akaisukuma pembeni. Akabonyeza kile kitufe cha kwenye kibodi, kile chenye picha ya dirisha, kilichoko chini upande wa kushoto. Akaandika herufi tatu za jina la programu ya kuandikia, polepole, kwa kidole kimoja, kwa lugha aliyoiogopa maisha yake yote. Programu ikajitokeza juu kabisa. Akabonyeza, ikafunguka.

Akaifunga. Akaita ya hesabu. Ikaja. Akaita ya kuprinti. Ikaja.

"Imeitika," alisema. Nikaona machozi yanamtoka, na midomo inatabasamu.

Jumatatu alikuwa darasani kabla yangu. Alikuwa ameshaushusha mchoro ukutani. Alipita kila meza, akachomoa mausi zote nane akazitia kwenye kapu lile lile la zawadi, akaniletea kaunta. "Zikae kwako," alisema. Darasani wakapiga kelele, na aliyepiga zaidi alikuwa Kudra.

"Mwalimu, bila mausi? Tunarudi enzi za mababu?"

"Nitawarudishia siku ya mwisho. Leo tunajifunza majina."

Aliandika majina kumi na mawili kwenye vipande vya karatasi ngumu, jina moja kipande kimoja, na chini yake kazi yake kwa Kiswahili. Huyu ndiye wa kuandika barua. Huyu ndiye wa mahesabu. Huyu ndiye wa kukutafutia faili ulilolisahau. Mchana akapanda pikipiki kwenda shambani kwa Mzee Melkiadi. Yaliyosemwa huko nilisimuliwa na dereva wa pikipiki, aliyeyarudia stendi nzima. Melkiadi aliendelea kulima. Mwalimu akasimama kichwani pa tuta.

"Mwenyekiti, kitongoji chako kina watu wangapi?"

"Zaidi ya mia tisa."

"Unawajua kwa nyumba zao?"

"Nyumba zinahama, Mwalimu. Nawajua kwa majina. Na ya baba zao."

"Mia tisa unawajua kwa majina. Mimi nakuletea wageni kumi na wawili tu, wanakushinda?"

Melkiadi alichomeka jembe ardhini. Kesho yake alikuwa wa kwanza mlangoni, na vipande vile vya karatasi alivipanga mezani kama orodha ya wapiga kura.

Wiki mbili zile nilisikia mambo kutoka chumba cha nyuma ambayo sijawahi kusikia kwenye darasa la kompyuta. Mwalimu anawaambia wafumbe macho. "Piga hodi." Vidole vinane vinashuka kwenye vitufe. "Ita." Kibodi zinalia. "Fumbua." Kisha kicheko, maana kila mtu anamkuta mgeni wake amesimama mbele yake. Siku nyingine aliniita mimi niingie nivuruge. Nikahamisha vitu, nikavificha, nikabadilisha na picha za nyuma. Kazi ya kuvuruga nilikuwa nina uzoefu nayo. Hawakujali. Kudra tu ndiye aliyebaki ananung'unika kwamba mfumo mzuri namna ile unaonewa, kwa nini watu wasiutazame? Mwalimu alimjibu, "Utazame, mwanangu, ni mzuri kweli. Ila usiutegemee usimame ulipouacha."

Siku ya mtihani tulikwenda wote kwenye pikapu, wao nyuma wanaimba. Pale chuoni Mwalimu alisimama nje ya jengo la mapokezi kidogo. Halafu akapita.

Msimamizi wa chumba cha kompyuta alikuwa mwalimu Nestori, mtu wa makamo mwenye miwani iliyofungwa na uzi. Kumbe naye alikuwa na vita yake. Mfumo mpya aliuchukia kwa moyo wote. Msaidizi wake, kijana aliyetoka masomoni, aliupenda. Wiki tatu nzima walikuwa wanapishana humo ndani, Nestori anasogeza irembo kushoto lilikokuwa zamani, kijana akija anarudisha katikati, mmoja anaficha vile vialama vidogo, mwingine anavitoa. Asubuhi ile hakuna aliyekuwa amewahi kumaliza. Safu ya dirishani irembo lilikuwa kushoto, safu ya ukutani katikati, na kompyuta mbili za nyuma zilikuwa na uwanja mweupe mtupu.

Mimi na Mwalimu Immakulata tulisimama nje kwenye dirisha la nondo. Saa tatu kamili Nestori akasema anzeni.

Watahiniwa wa vituo vingine walikuwa wamekariri vizuri, wengine kwa mfumo mpya, wengine kwa wa zamani, na nusu yao walikalishwa mahali pasipolingana na walichokariri. Mikono ikaanza kupanda juu. "Mwalimu, yangu haina!" "Mwalimu, hii ni mbovu!" Nestori akawa anakimbia huku na kule akijifuta jasho. Mbavu za Mwalimu Immakulata zilikuwa zimeegemea ukuta karibu yangu, nikahisi anavyopumua.

Kisha nikawaona wa kwetu. Mikono ya kushoto ilishuka. Kimya. Herufi tatu. Barua zikaanza kuandikwa. Mzee Melkiadi alikuwa amepewa moja ya zile tupu za nyuma, uwanja mweupe bila hata alama. Alifumba macho, hakuwa na haja ya kufumba lakini alifumba, akapiga hodi, akaita. Alipofumbua akatikisa kichwa kama anayepokea salamu.

Kudra alianza na mausi. Nilimwona. Alikwenda katikati, kumbe kwake irembo lilikuwa kushoto. Akaenda kushoto, akafungua kisicho chake, kikagoma kufungika. Dakika zikapita. Akaangalia juu, macho yake yakagonga dirishani. Mwalimu hakusogeza hata kope, maana angeambiwa anawasaidia. Kudra akaishika ile mausi, akaisukuma mpaka mwisho wa meza. Mkono wa kushoto ukashuka. Mimi nilipiga nondo ngumi kwa furaha, nikafukuzwa dirishani.

Matokeo ya vitendo yalibandikwa saa tisa alasiri. Wa kwetu walikuwa kumi na mmoja, wakafaulu kumi na mmoja. Kudra alikuwa wa pili kwa chumba kizima, Melkiadi alipita kwa alama moja, na kwa kelele aliyopiga ungedhani ameshinda ubunge. Alitaka kumpigia mkwewe simu papo hapo, akakuta mwenyewe ameshampigia mara mbili. Walimbeba Mwalimu juu juu, mwanamke yule asiyecheka ovyo, na mimi nawaambia alicheka, alicheka mpaka kilemba kikaanguka. Usajili wa kudumu sasa ungekuja. Hakuna wa kufunga mlango ule tena.

Ndipo Nestori akatoka nje, miwani mkononi.

"Nani amewafundisha hawa?"

Wakamshusha Mwalimu chini. Akajifunga kilemba upya, taratibu.

"Mimi."

"Umesoma chuo gani, mama?"

"Darasa la saba, Busunzu. Nilikuja hapa kuomba nafasi. Mlinirudishia cheti."

Nestori, mzee wa watu, akavaa miwani yake, akasema kwa sauti ya chini, lakini tulisikia, "Mama, mimi wiki ya tatu leo napigana na hiki kitu. Faili zangu za mitihani ya mwaka jana sijui ziliko. Naomba unionyeshe."

Akamfungulia mlango. Akavuta kiti chake mwenyewe, kile cha magurudumu cha mbele ya darasa, akamkaribisha. Mwalimu Immakulata aliingia, akakigeuza kile kiti, akamkalisha Nestori, yeye akasimama nyuma yake kama anavyosimama nyuma ya kila mwanafunzi. Sisi tukajazana kwenye dirisha la nondo.

"Toa mkono kwenye mausi, Mwalimu Nestori," alisema. "Fumba macho. Sasa niambie, unamtafuta nani?"